Risala ya Wagonjwa wa Skleroderma kwa Mgeni Rasmi, 29 Juni

Ndugu mgeni rasmi, wanakikundi, na ninyi mnaotuuguza,

Karibu sana. Utuwie radhi kwa salamu za mkono: tumekupa viganja vilivyopinda kwa sababu vidole havikunjuki. Ndiyo skleroderma hiyo. Ngozi hukakamaa hadi kizibo cha soda kinaitiwa mtoto. Lakini ngozi ndiyo mnayoiona. Kinachotuzika zaidi ni makovu ya mapafu, na kwa hilo risala yetu haiombi fulana wala mahema. Inaomba utafiti.

Utafiti hulipa. Zamani figo zikishambuliwa, ndugu walianza kuandaa sanda. Dawa za presha za jamii ya captopril ndizo zilizogeuza mambo. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya utafiti wa SENSCIS kuhusu nintedanib, dawa ya makovu ya mapafu: wagonjwa 576, nchi 32. Wengine walipewa dawa, wengine kidonge kitupu, wote wakapuliza kipimo cha mapafu kwa mwaka mzima. Waliomeza dawa walipungukiwa pumzi ya mapafu kwa takriban mililita 52, wenzao 93. Dawa haikuponya, ilipunguza kasi tu, na ngozi haikulainika zaidi kuliko ya wenzao. Tunayasema haya wazi kwa kuwa kila wiki kuna mtu anatuletea chupa "inayomaliza kabisa".

Huko Erlangen, Ujerumani, madaktari walichukua chembe za kinga za mgonjwa, wakazifunza maabara kuziwinda chembe zinazozalisha kingamwili potovu, yaani kinga inayoushambulia mwili wenyewe, kisha wakamrudishia mwilini. Taarifa ya 2024 ilihusu wagonjwa 15, wanne wao wa ugonjwa wetu, na wote waliacha dawa za kutuliza kinga. Wanne ni wachache mno, lakini habari hiyo tuliisoma mara mbili.

Mgeni rasmi, sisi weusi ugonjwa huu hutuanza mapema na hutushika vikali, ilhali kwenye majaribio haya tunahesabika kwa vidole. Tuko tayari kushiriki. Tunaomba daftari la kuorodhesha wagonjwa, kipimo cha kupuliza katika hospitali za mikoa, na madaktari waliofundishwa kubana ngozi sehemu 17 na kuipa alama za ukakamavu. Fomu za ridhaa nazo ziwe za Kiswahili. Mwenzetu mmoja aliwekewa fomu ya Kiingereza aitie dole gumba. Ngozi imevutika ikawa laini kama kioo, dole likaacha doa tu la wino. Akaambiwa arudie. Akarudia mara tatu, bila kujua anakubali nini.

Tunaomba kuwasilisha.