Anayekufukuza ndiye athibitishe kuwa amekufukuza?

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimekuwa nikisoma gazeti lenu na kunyamaza, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari yenu ya juzi juu ya watu wanaodai fao la kukosa ajira kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii ilhali wana kazi. Eti dawa ni waajiri wapewe nafasi kubwa zaidi ya kuthibitisha madai. Kubwa kuliko hii waliyo nayo?

Wadanganyifu wapo, sikatai. Lakini aliyeandika habari ile inaelekea hajawahi kusimama getini kwa mwajiri wake wa zamani akiomba karatasi.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, yale yaliyotuondolea fao la kujitoa (yaani kuchukua michango yako ukiacha kazi), yalituachia hili: theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Piga hesabu, ni mishahara miwili tu. Na hata hiyo miwili utaipata au kuikosa kutegemea mwajiri kaandika nini.

Mimi nilikuwa mtunza stoo. Kampuni ilipoanza kupunguza watu, tuliitwa mmoja mmoja kwa ofisa utumishi. Mezani palikuwa na barua zilizokwisha kuchapwa, limebaki jina tu kujazwa kwa kalamu: naacha kazi kwa hiari yangu kwa sababu za kifamilia. Akanieleza kwa upole kabisa kwamba nikisaini naondoka na mshahara wa mwezi na cheti cha utumishi (ambacho kisheria ni haki ya kila anayeondoka, lakini tuyaache hayo). Nisiposaini, nisubiri utaratibu. Wenzangu wengi walisaini, maana ada ya mtoto haisubiri utaratibu. Mimi nikakataa. Kesho yake mlinzi akaniambia ameagizwa nisiingie, basi, hiyo ndiyo ikawa barua yangu. Fomu ya kudai fao niliyopeleka ijazwe ikalala masjala: mara muhuri umefungiwa kabatini, mara mwenye funguo yuko likizo, mara faili halionekani. Ilipotoka, kwenye sababu ya kuondoka paliandikwa, "Ameacha mwenyewe kwa kutofika kazini." Kutofika! Mtu mliyemzuia getini mlitaka afike kwa kuruka ukuta? Wala hakuna aliyekosea kuandika pale. Anayepunguzwa anadai notisi na kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia hadi miaka 10. Aliyeacha mwenyewe kiinua mgongo hana. Kwa hiyo ukimuuliza mwajiri huyu aliondokaje, umemuuliza pia kama anapenda kulipa. Kisha mnaniambia niende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Sawa, lakini siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi zinakwenda huku wewe unangoja mwenye funguo arudi likizo.

Na mngekuwa na nafasi gazetini, mngewauliza waajiri hao hao michango yetu iko wapi. Hati ya mshahara inaonyesha umekatwa asilimia 10 yako kila mwezi. Ukiomba taarifa ya michango, unakuta miezi mitupu katikati. Mwenye kutafuna michango ndiye mnataka awe mlinzi wa fedha za mfuko?

Ushauri wangu haugharimu kitu. Mwisho wa mwezi, mshahara wa ofisa utumishi na wa meneja wake usitoke mpaka kila aliyeachishwa kazi mwezi huo asaini kwamba amepewa cheti na fomu yake imejazwa. Tena asaini kwa wino wa bluu, kwa nafasi yake, akirudi kutoka kutafuta kazi. Fomu ikikaa kwa mwajiri siku 14 bila jibu, maelezo ya mfanyakazi yahesabiwe ndiyo kweli. Mfuko una kumbukumbu zake wenyewe. Ukiona michango ya stoo nzima imekatika mwezi mmoja, hauhitaji muhuri wa mtu kujua kwamba sote hatukupatwa na sababu za kifamilia kwa pamoja.

Ni mimi,
Mtunza stoo wa zamani