Fulana za kupinga unga hazimrudishi mtu kazini

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka nenda rudi bila kuwaandikia hata mstari. Lakini ile habari ya wiki iliyopita, yenye picha ya mkurugenzi akigawa fulana za "Kataa Dawa za Kulevya" huku wafanyakazi wake wamepangwa mstari wakipiga makofi, imenishinda. Mwandishi wenu anasema kiwanda kile kinawajali waraibu. Amemuuliza nani zaidi ya mkurugenzi? Angemvuta pembeni kibarua mmoja tu amuulize: hapa kwenu mtu akisema ameacha unga, yaani heroini, na anakunywa methadoni, dawa ya hospitali ya kumsaidia asiurudie, kesho yake bado ana kazi?

Kwetu karakana (siyo ile ya kwenye picha, ila mabosi ni walewale) tulikuwa na fundi wa kuchomelea. Kijana mwenye mkono. Geti alilochomelea yeye halihitaji msasa mara mbili. Zamani alikula unga, wote tulijua, wala hakuficha. Kila asubuhi alipitia kliniki ya methadoni Mwananyamala. Dawa ile wengi wanainywea palepale dirishani, mhudumu anakutazama mpaka umeze. Ukishameza, arosto (yale mateso ya kukosa unga) inatulia na unapiga kazi kama watu wengine. Ukikosa siku kadhaa mfululizo, dozi inabidi ipangwe upya. Sasa kwetu daftari la mahudhurio linapigwa mstari mwekundu saa moja na nusu kamili. Msimamizi ana rula yake na kalamu yake, na sijaona kazi nyingine anayoifanya kwa moyo kama ile. Upange foleni dirishani, uunganishe daladala mpaka Tazara, utafikaje? Jina la kijana likawa chini ya mstari kila siku ya Mungu. "Mama, niombee kwa mzee," akaniambia, "nitafidia jioni." Nikamwombea. Nikajibiwa kwamba akiruhusiwa yeye, kesho wote watataka. Likaja onyo la kwanza, likaja la pili, na barua ya mwisho akakabidhiwa na mlinzi getini, pamoja na miwani yake ya kuchomelea ndani ya mfuko wa rambo. Hata kuingia kuaga hakuruhusiwa.

Kipindi hichohicho mhasibu wetu alivunjika mguu kwa bodaboda. Akakaa nyumbani, mshahara ukaingia, tukachangishana matunda. Sawa kabisa, ni haki yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Nimeisoma. Sikuona palipoandikwa kwamba ugonjwa lazima uwe wa mguu. Shirika la Kazi Duniani nalo lilitoa mwongozo tangu 1996 kwamba matatizo ya pombe na dawa za kulevya kazini yachukuliwe kama tatizo lingine lolote la afya. Na methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ikafika Mwananyamala na Temeke, bure. Yaani dawa ipo, mgonjwa anaifuata mwenyewe, kinachomwangusha ni rula.

Bosi anayesaini hizo barua za onyo, Jumatatu anashuka kwenye gari ananuka ya jana, dereva kamshikia mkoba. Jina lake halimo kwenye daftari.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili la kamati za harusi maofisini. Unaletewa kadi, kiasi kimeshaandikwa, na ukisoma bajeti vinywaji vinazidi chakula. Mwenzetu wa mauzo ameacha pombe. Kwenye kikao cha kamati aliagiza soda. Wakamwita mlokole jioni nzima, na alipokwenda msalani mmoja akammiminia bia kwenye glasi. Watu wazima, wanacheka! Serikali iliweza kupiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko, mwaka 2017. Kamati za harusi sijui zitapigwa marufuku na nani.

Pendekezo langu halina gharama. Mstari mwekundu upigwe mara mbili: wa kwanza saa moja na nusu kwa sisi wengine, wa pili saa tatu na robo kwa mwenye kadi ya kliniki, iwe ya methadoni, ya kisukari au ya ujauzito. Msimamizi atazame muhuri tu, asiulize kadi ni ya nini. Aliyechelewa kuingia achelewe kutoka, mitambo ipo na umeme siku hizi unawaka. Kalamu nyekundu ya pili nitaitoa mimi stoo, wala sitamdai saini.

Mtunza stoo,
Buguruni, Dar es Salaam