Njia ya kutembea Lubumbashi isiishie katikati ya mji

Bwana Mhariri,

Kila mwaka, mvua zinapokwisha na asubuhi za Juni zinapokuwa za baridi, ndugu na wageni wanaofika Lubumbashi huniuliza swali lilelile: mtu mwenye asubuhi moja tu, anayetaka kuujua mji huu kwa miguu, apite wapi? Nilifundisha historia mjini hapa kwa miaka mingi, na jibu langu bado ni lile nililowapa wanafunzi wangu. Aanzie posta, ateremke hadi mtoni, afuate maji mpaka alione bomba la moshi la kiwanda cha shaba, kisha asirudi kwa njia aliyoendea, bali avuke reli, apite Kamalondo, mtaa wa zamani wa Waafrika, na ndipo arejee posta. Ninaandika kwa sababu kila ninaposikia watu wakipanga jinsi ya kuwaonyesha wageni urithi wetu, mzunguko huu hukatwa nusu. Wageni hupelekwa kwenye majengo ya katikati ya mji, wakapigwa picha, wakarudishwa hotelini, na upande wa pili wa reli unabaki kama mahali pasipo na historia.

Safari yenyewe ni nyepesi. Mji umejengwa kwenye uwanda ulio juu kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, barabara zake za zamani zimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu, na hakuna mlima wa kupanda. Mimi na mke wangu huimaliza njia nzima kabla ya chakula cha mchana, tukipumzika mara mbili au tatu. Anayeweza kuchagua wakati achague mwisho wa Septemba, jakaranda zinapochanua na maua yake kutandika barabara rangi ya zambarau, ingawa joto la mwezi huo humlazimu mtu kuondoka nyumbani mapema.

Katikati ya mji sina haja ya kukaa sana, kwa kuwa ndiko kunakojulikana. Pale posta pana sanamu ya Moïse Tshombe, aliyeiongoza Katanga, mkoa wetu, na mbele yake wazee bado hubishana kuhusu miaka ya 1960 hadi 1963, Katanga ilipojitenga na Kongo. Lipo kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, ambalo matofali yake yamekwisha kuona kiasi cha karne nzima ya mvua. Lipo sinagogi lililojengwa mwaka 1930, wakati Wayahudi wengi waliotoka kisiwa cha Rhodes walikuwa wakifanya biashara hapa, na vijana wengi hupita mbele yake bila kujua ni nyumba ya sala ya nani.

Makumbusho, hata hivyo, yanataka muda. Nilikuwa nikiwasimamisha wanafunzi mbele ya misalaba midogo ya shaba, ile iliyochimbuliwa katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, na kuwauliza wanafikiri ni ya dini gani. Wengi walijibu kwamba ni ya Wakristo. Ndipo nilipowaeleza kwamba ilitengenezwa na mafundi wa nchi hii karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kufika, na kwamba kwa vizazi na vizazi ilitumika kama fedha na kama mahari. Nakumbuka binti mmoja aliyebaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka, akipima ukubwa wa msalaba kwa kiganja chake kilichobandikwa kwenye kioo. Mtu akianza hapo, hawezi tena kudhani kwamba shaba ya Katanga ilianza na kampuni ya Kibelgiji ya madini, Union Minière, mwaka 1906, wala kwamba watu walianza kuishi hapa mwaka 1910, reli ilipowasili kutoka kusini na Wabelgiji wakaupa mji jina la malkia wao, Élisabeth. Jina tunalolitumia tangu mwaka 1966 ni la mto, na mto ulikuwapo kabla ya wote hao.

Mto huo ndio unaonisikitisha kuliko vyote. Mji ulijengwa hapa kwa sababu yake, kwa kuwa tanuru za kuyeyushia shaba zilihitaji maji, lakini leo mkazi wa Lubumbashi anaweza kuzeeka bila kukaa kando yake hata mara moja. Penye ziwa dogo ambalo wengi tunaliita ziwa la Tshombe bado kuna sehemu ambako mtu anaweza kusimama na kutazama maji. Ukishuka zaidi, njia inakuwa ya kubahatisha. Mahali pamoja unafuata kijia cha wenye bustani, kinachotosha mguu mmoja tu, na mahali pengine unakutana na ukuta uliojengwa mpaka ukingoni, ikakubidi urudi barabarani na kuzunguka. Mwaka juzi, katika sehemu ambayo nilipita na wanafunzi kwa miaka mingi, mlinzi alinizuia na kuniambia kwamba ukingo umekuwa wa mwenye kiwanja. Sikubishana naye, maana yeye anafanya kazi aliyopewa. Lakini nasema mbele ya wasomaji wote kwamba ukingo wa mto haupaswi kuwa wa mtu mmoja.

Siku ileile nilimkuta mama akimwagilia lengalenga, yaani mchicha, amebeba makopo mawili yaliyotobolewa matundu kwa msumari, akiyachovya mtoni na kuyanyunyiza kulia na kushoto kwa mwendo mmoja usiobadilika. Aliniuliza, "Papa, unatafuta nini huku? Njia haiko, iko mashamba tu." Nilipomwambia kwamba ninaufuata mto mpaka kiwandani, alicheka, kisha akaniongoza mwenyewe kati ya matuta yake ili nisikanyage mboga. Mama huyo na wenzake wanalisha mji. Njia ninayoiomba haitawaondoa. Inaweza kupita pembeni mwa bustani zao, yenye upana wa watu wawili, na ikawa sababu ya viongozi kuangalia kwa makini ni maji gani yanayomwagiwa mboga tunazozila na bukari, ugali wetu.

Kutoka hapo kilima cheusi cha masalia ya shaba kinaonekana wazi, pamoja na bomba la moshi ambalo limekuwa alama ya mji wetu. Shaba ya kwanza ilimiminwa hapo tarehe 30 Juni 1911. Kilima chenyewe ni masalia ya tanuru yaliyorundikwa kwa miongo mingi, na tangu miaka ya 2000 kimekuwa kikichimbwa upya kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani yake. Watoto wa leo wanakiona kama mlima uliokuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Waambiwe kwamba ni kazi ya mikono ya babu zao, walioletwa kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na nchi ambayo sasa ni Zambia, na ambao, kwa kukutana kwao hapa, walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya nyumba zetu.

Hapo ndipo wengi hugeuka na kurudi mjini, na hapo ndipo mimi nasema tusigeuke. Wafanyakazi hao hawakulala katikati ya mji. Utawala wa kikoloni uliweka kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika eneo tupu la mamia ya mita, ukidai kwamba mbu wa malaria hawezi kuruka umbali huo, na usiku ulipoingia Mwafrika asiye na kibali hakuruhusiwa kubaki upande wa Wazungu. Anayetoka Kamalondo kwenda posta kwa miguu analivuka eneo hilo bila kujua. Limejaa majengo sasa, na hakuna jiwe wala kibao kinachomwambia mpita njia kwamba mama mzazi wa bibi yake alihesabu hatua zake hapa ili asikutwe na giza. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote katika mzunguko mzima, na inachukua dakika chache tu kuivuka.

Kamalondo yenyewe ina mengi: nyumba za zamani zenye baraza na nyua ambamo familia kadhaa bado huchota maji kwenye bomba moja, na uwanja wa TP Mazembe, timu iliyoanzishwa mwaka 1939 na ambayo mwaka 2010 ilifika fainali ya klabu bingwa za dunia. Kijana yeyote wa mtaa huo atakueleza juu ya timu kwa saa nzima. Lakini muulize kuhusu Desemba 1941, wafanyakazi wa shaba waliogoma kudai mshahara walipopigwa risasi na askari katika uwanja wa mpira wa mji huuhuu, naye atakutazama tu. Njia yetu ingepaswa kuwa na mahali pa kusimama kwa ajili yao.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, kupitia gazeti lako ninawaomba meya na viongozi wa komini zinazohusika mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Viwekwe vibao kumi au kumi na viwili, kwa Kiswahili na Kifaransa, kimoja kikiwa katika lile eneo lililotenganisha miji miwili. Kijia cha ukingoni kisafishwe na kuta zinazokifunga ziangaliwe kisheria. Vijana wa Kamalondo wafundishwe kuwaongoza wageni, nao walipwe. Na yeyote atakayechora ramani ya njia hiyo asiruhusiwe kuweka kalamu chini kabla mstari haujavuka reli mara mbili. Wakati hayo yanasubiriwa, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wa kiangazi, saa moja asubuhi, mimi nitakuwa mbele ya posta, na atakayependa kutembea nami anakaribishwa.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa historia, Lubumbashi