Pesa za mpira zimefika, mshahara bado uko njiani

Ndugu Mhariri,

Kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga, kikombe cha pili cha kahawa hakiishi kabla mtu hajasema pesa imeharibu mpira. Wazee wenzangu wanaitikia kama dua. Naomba nafasi gazetini mwako nikatae, kisha na mimi nilalamike.

Nakataa kwa sababu enzi wanazozililia nilikuwepo. Coastal Union yetu ya Tanga ilipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988 nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Lakini nakumbuka pia kwamba mchezaji akivunjika goti siku zile alirudi kwao na goti lake, basi. Na tusiende mbali: msimu wa 2018/19 Ligi Kuu ilichezwa bila mdhamini mkuu, na timu za mikoani zikasafiri kwa kuungaunga. Nani anataka kurudi huko?

Mwaka 2021 TFF, shirikisho la soka nchini, na Azam Media wakasaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10, Sh225.6 bilioni. Matajiri walikuwa wameshaingia Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga, makampuni ya kubeti nayo yakapanda kifuani mwa jezi. Matunda tumeyaona. Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, wakawafunga USM Alger wa Algeria kwao na bado wakakosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini. Simba wakafika fainali hiyohiyo 2025. Mzee mmoja kijiweni hukimbilia kunikumbusha kwamba Simba walicheza fainali ya Kombe la CAF, la Afrika pia, mwaka 1993, kabla ya pesa hizi za matangazo. Kweli, na baada ya hapo tulikaa miaka 30 tukisubiri nyingine.

Sasa lalamiko langu. Tukuyu Stars ya Mbeya ilikuwa bingwa 1986. Mtibwa Sugar ilichukua 1999 na 2000 (nyuma yake kulikuwa na kiwanda cha sukari, kwa hiyo tusijidanganye kwamba ubingwa ule ulikuja kwa maombi). Azam wakabeba 2013/14. Tangu hapo mpaka msimu wa 2024/25, kombe limekuwa likivuka barabara tu: Yanga mara tatu, Simba mara nne, Yanga mara nne. Mtibwa hiyohiyo ilishuka daraja 2024, ikalazimika kupambana irudi.

Najua hata Uingereza Manchester City walibeba manne mfululizo, 2021 hadi 2024. Lakini kule nusu ya pesa za televisheni za ndani ya nchi hugawanywa sawa kwa sawa kwa timu zote, na anayeshika mkia huondoka na zaidi ya nusu ya fungu la bingwa. Akikosa kombe, mishahara ya mwezi analipa.

Hapa kwetu nitasimulia ninachokijua. Msimu mmoja chumba changu cha uani alipanga beki wa kulia wa klabu ya Ligi Kuu, ambayo siitaji. Kijana mpole, anaamka alfajiri kabla ya muadhini. Jumamosi moja nililipa buku kibanda umiza nikamtazame akicheza kwa Mkapa, kamera ikamvuta karibu akirusha mpira, kibanda kizima kikapiga kelele: mpangaji wa mzee huyo! Jumatatu nikamkuta kwa fundi viatu chini ya mwembe, njumu ya kushoto imeachama soli, inashonwa kwa uzi wa nailoni. Fundi alikuwa anamshonea kwa mkopo. Mama wa mihogo pale kona alikuwa na jina lake kwenye daftari. Mimi nilikuwa namdai kodi ya miezi mitatu, na kila nikimuuliza jibu lilikuwa moja: "Mzee wangu, shikamoo, mshahara haujatoka."

Pesa za matangazo za msimu ule zilikuwepo. Mechi ilionyeshwa, niliitazama mwenyewe. Ziliishia wapi kati ya akaunti ya klabu na mfuko wa mtoto yule, mimi si mkaguzi wa hesabu.

Ombi langu kwa TFF na Bodi ya Ligi ni dogo. Kabla fungu la matangazo halijaingia kwenye akaunti ya klabu, mishahara ikatwe juu kwa juu, iende moja kwa moja kwenye akaunti za wachezaji waliosajiliwa. Mikataba yao mnayo. Kisha fungu la kugawana sawa likuzwe, ili klabu ya mkoani isilazimike kuhamisha mechi yake ya nyumbani na kuipeleka mkoa mwingine kufuata kiingilio kila inapokutana na wakubwa. Sisi wa mikoani tunaisubiri mechi hiyo mwaka mzima, kisha tunaitazama kwenye runinga kama watu wa ughaibuni.

Kijana wangu alihama msimu ulipoisha. Kodi ya miezi miwili alinitumia kwa simu mwezi wa tisa, akiwa timu nyingine. Kodi ya mwezi mmoja uliobaki bado iko kwenye daftari langu, na sijaamua kama niandike jina lake au la klabu.

Mwenye nyumba,
Ngamiani, Tanga