Dada Rukia, Ijumaa ile nilikuwemo ukumbini

Liverpool,
22 Mei 2023.

Kwa dada yangu mpenzi Rukia,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baad, mimi huku ni mzima, hofu ni kwenu nyinyi, na hasa Mama na magoti yake. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili: mara ya kwanza nikiwa ndani ya basi, ya pili nimekaa kitako. Pesa za mabati nimemtumia Salim jana jioni kwa M-Pesa, asije akasema hazijafika. Habari ya Ami Athumani na nyumba nitaijibu huko chini. Kwanza nina neno na wewe.

Umesema mbele ya Mama na watoto kwamba Loreen wa Sweden alistahili kushinda Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, na kwamba mimi naulalamikia ushindi wake kwa sababu muziki siujui. Mimi, dada? Mimi niliyembebea Baba fidla yake kutoka Kibokoni hadi Kuze kwetu Mombasa, nikakaa chini ya viti vya wapigaji taarab mpaka usingizi ukanichukua? Maneno yale yameniuma. Nimeyabeba wiki nzima kazini.

Basi ujue kwamba mimi nilikuwemo, mashindano yalikuwa hapa hapa Liverpool. Tiketi za fainali ziliisha kwa dakika 36 siku ile ya mwezi wa Machi, nami nilikuwa na simu mbili mkononi. Nikaikosa fainali, nikapata ya Ijumaa usiku. Wenzangu kazini wakaniambia hayo ni mazoezi tu. Sivyo. Onyesho la Ijumaa usiku ndilo majaji wa nchi zote wanalotolea alama. Jumamosi ulimwengu ukikaa mbele ya televisheni, alama zao zimekwisha kuandikwa. Majaji wenyewe hawapo ukumbini, kila mmoja hutazama kwenye skrini huko huko kwao. Mimi, binti wa Kibokoni, nilikuwa mle ndani nikisikia ngoma kifuani. Nani kati ya watu wa mtaa wetu ameyaona hayo? Mwambie Mama Zuhura, na picha nimekutumia umwonyeshe.

Nilivaa dera la zambarau ulilonishonea, na koti juu yake kwa sababu ya upepo. Ukumbi uko ukingoni mwa mto Mersey. Nilipofika mapema nilisimama pale nikaitazama feri ikivuka, watu wameegemea ukingo wa chuma, na ghafla nikasikia harufu ya mhogo wa kuchoma wa Likoni ambayo haikuwepo. Machozi yalinilenga. Nikaingia ndani.

Sasa nikwambie nilichokiona. Loreen sikatai. Alikuwa amelala kati ya skrini mbili kubwa, moja chini yake na moja juu, kama mtu aliyewekwa baina ya mawe mawili, kisha ile ya juu ikapanda pole pole naye akainuka. Kucha ndefu, upepo, rangi ya mchanga wa jangwani. Yeye ni Mswidi lakini wazazi wake ni watu wa Morocco, na sauti ile si ya kufundishwa. Vinyweleo vilinisimama. Na amepata lisilopatwa na mwanamke yeyote kabla yake: kushinda mara mbili, kwanza Baku mwaka 2012 na sasa hapa. Aliyewahi kufanya hivyo ni Johnny Logan wa Ireland peke yake, mwaka 1980 na 1987. Heshima yake naiweka juu ya kichwa.

Lakini alipotoka yule kijana wa Finland, Käärijä, kutoka ndani ya kreti ya mbao, kifua wazi na mikono ya kijani iliyofura kama mito ya kulalia, ukumbi haukukaa tena. Anaanza kama mtu mwenye ugomvi na dunia, katikati wimbo unageuka, wanaingia wachezaji waliovaa waridi, naye anakuwa mtu wa furaha tupu. Na anaimba Kifini! Waingereza ambao hawajui neno moja la Kifini walikuwa wanaimba naye mpaka sauti zikawakauka. Mama mmoja wa makamo aliyekaa kando yangu alinishika mkono tukaruka pamoja, hatujuani jina.

Pale nikamkumbuka Stella Mwangi. Unakumbuka 2011, msichana wa kwetu aliyezaliwa Nairobi alipoiwakilisha Norway kule Düsseldorf, na methali yetu ya haba na haba ndani ya wimbo? Tuliucheza harusini kwa Zuhura mara tatu usiku mmoja. Hakuvuka nusu fainali, alishika nafasi ya 17 kati ya 19, na wewe ulisema Wazungu hawataki lugha wasiyoijua. Nimekaa na neno lako hilo miaka 12, dada, na Ijumaa ile nimeona kwa macho yangu kwamba watu wanataka. Wimbo ukiwashika, lugha wataifuata wenyewe.

Jumamosi nilikuwa zamu, kwa yule bibi ninayemtunza. Mgongo unaniuma kidogo siku hizi, lakini kazi ni nzuri. Bibi anayafuata mashindano haya tangu ujana wake. Ananihadithia Sandie Shaw alivyoshinda pekupeku mwaka 1967 kana kwamba ni juzi. Tulitazama pamoja, nikampa chai ya tangawizi, akasema ni kali, akamaliza kikombe.

Zilipoanza kusomwa alama za majaji, nchi moja baada ya nyingine, Sweden, Sweden, Sweden, mle ukumbini watu wakaanza kuimba kibwagizo cha Mfini katikati ya kusomwa. Sikuwahi kusikia hadhira ikibisha namna ile. Majaji walimpa Loreen pointi 340, Käärijä 150. Zikaja kura za watazamaji: Käärijä 376! Nilipiga kelele mpaka bibi akashtuka. Akawa na 526. Zikasomwa za Italia, zikasomwa za Israel, akabaki Loreen wa mwisho, anahitaji 187 tu. Akapewa 243. Jumla 583, kwisha.

Haya, tuhesabu pamoja, maana hesabu unaijua kuliko mimi. Nchi zilikuwa 37, kila moja na majaji watano. Hao ni watu 185. Watu 185 wana uzito karibu sawa na mamilioni waliopiga simu, waliotuma ujumbe, waliolipa pesa zao! Hata nyinyi mlioko nje ya nchi zile mwaka huu mliruhusiwa kupiga kura kwa mara ya kwanza, dunia nzima mkahesabiwa kama nchi moja. Na hakuna nchi hata moja ambayo watazamaji wake walimpa Loreen 12, alama ya juu kabisa. Hata moja, dada. Ameshinda bila kuwa wa kwanza kwa watu wa nchi yoyote.

Najua utasema bila majaji nchi jirani zitapeana alama. Ni kweli, ndiyo sababu majaji walirudishwa mwaka 2009, watu walikuwa wamechoka na ujirani ule. Lakini 376 si ujirani. Finland ina majirani wangapi? Na wewe mwenyewe enzi za Tusker Project Fame, yale mashindano ya kuimba ya televisheni huko kwetu Afrika Mashariki, ulimaliza kredi ya Baba ukipiga kura. Aliposhinda Alpha wa Rwanda mwaka 2009 ulinuna siku mbili, lakini hukusema watu hawajui muziki. Mimi sisemi majaji wafukuzwe. Wapewe robo. Robo inatosha kumzuia jirani, haitoshi kuwanyamazisha watu. Ya kwamba ilipangwa ili Sweden washinde na waandae mwakani, miaka 50 tangu kundi lao la ABBA lishinde, hayo siyaamini, na usimwambie mtu kwamba nimeyasema. Loreen hakuiba kitu. Ubaya uko kwenye kanuni.

Kuhusu uandaaji nakubaliana nawe kabisa. Sherehe ilikuwa ya Ukraine, wao ndio walioshinda 2022, ila kwa sababu ya vita Waingereza walioshika nafasi ya pili wakaiandaa kwa niaba yao. Waliifanya kwa adabu ya mtu aliyeazimwa nyumba. Tiketi kama 3,000 ziliwekwa kando kwa ajili ya Waukraine waliokimbilia huku, na mmoja wa washereheshaji, Julia Sanina, alikuwa wa kwao. Hannah Waddingham ndiye aliyenikosha zaidi, anavyobeba jukwaa na anavyogeukia Kifaransa bila kutafuta neno. Mwishoni, wakati kura zinahesabiwa, wakaimba ule wimbo wa mashabiki wa timu ya mpira ya Liverpool ambao Salim anauimba bafuni. Bibi aliufuatisha kwa midomo. Mimi nililia, kwa Mama, kwa Baba, kwa idi mbili nilizozikosa. Wenyeji wenyewe walishika nafasi ya 25 kati ya 26 na pointi 24, bibi akazima taa bila kusema kitu.

Dada, kwa nini hili limenishika hivi? Kwa sababu ya Baba. Kwenye taarab hakukuwa na jaji. Mwimbaji akiufikisha, wanawake wanainuka mmoja mmoja, wanakwenda kumtunza, noti mkononi, mwendo wa madaha, na kila mtu ukumbini anaona nani kaguswa na ubeti gani. Baba alikuwa akirudi alfajiri hasemi nani kaimba vizuri, anasema nani katunzwa. Hayo ndiyo niliyokua nayo, nawe ulikuwepo.

Na hapo ndipo nifike kwa Ami. Umeniambia yeye na wazee wawili walikaa barazani baada ya Alasiri wakakata shauri kwamba chini ya nyumba pakodishwe duka, na kwamba mimi nilete pesa za ngazi na chokaa. Ami ni baba yetu, mikono yake naibusu, na siku zile za matanga alisimama nasi peke yake. Lakini watu watatu barazani! Mama anaishi mle ndani, hakuulizwa. Sisi tuko saba, hakuulizwa hata mmoja. Chini pakiwa duka, Mama na magoti yale atapanda ngazi mara ngapi kwa siku? Chumba cha chini ndicho chake.

Pesa za ngazi ninazo, nimeziweka kando tangu Machi, sijanunua hata viatu. Sitazituma mpaka mkae nyote. Nataka iwe Ijumaa hii baada ya Isha, unipigie simu ya video nami niwepo, Mama aanze kusema, kisha wadogo, kisha sisi, na Ami amalizie kwa sababu ni mkubwa. Likiamuliwa duka kwa njia hiyo, duka na liwe, nitatuma siku hiyo hiyo. Umwambie kwa maneno mazuri, wewe ndiye unayemjulia.

Jambo jingine dogo. Ile kaseti ya Baba, yenye mkanda uliokatika na kuungwa, mtafute mtu aihamishie kwenye simu unitumie. Bibi ameniuliza baba yangu alikuwa akipiga nini, nikashindwa kumwonyesha.

Wasalimie wote, Zuhura na wanawe, Salim, Mama Zuhura, na majirani wa ngazi ya juu. Mama mpake mafuta ya karafuu magotini kila usiku, mwambie ni mkono wangu.

Mimi mdogo wako,
Mwanaisha