Wifi yangu, lile neno la jikoni

Wifi,

Ya arubaini yaliisha salama, na mkono wako niliuona, Mungu akulipe. Lakini redio ilipotangaza kifo cha Vivian Silver, yule Mwisraeli mwanaharakati wa amani, ulisema, "Si aliwapenda Wapalestina? Wamemlipa." Shangazi akaacha kukuna nazi akakutazama. Wewe ukaendelea kuchambua mchele.

Umewahi kuuguza, kwa hiyo utanielewa. Kabla ya vita hii, mgonjwa wa Gaza akihitaji hospitali ya nje, kwanza ilibidi daktari amwandikie rufaa, Wizara ya Afya ya Palestina ikubali gharama, hospitali ipange tarehe, kisha Israeli iombwe kibali. Msindikizaji naye alikuwa na chake. Kibali kikichelewa, miadi ilipita, na karatasi zilianza upya. Mama akinyimwa, mtoto alikwenda na bibi yake. Wakishavuka Erez, kivuko cha kutoka Gaza kuingia Israeli, bado hospitali ilikuwa mbali na teksi ghali. Hapo ndipo Vivian na wenzake wa kujitolea walipowapokea kwa magari yao wenyewe. Mwanamke wa miaka 74, wifi! Huko ndiko kujipendekeza?

Tarehe 4 Oktoba 2023, Waisraeli wa kundi la wanawake la Women Wage Peace na Wapalestina wa kundi la Women of the Sun walikutana Jerusalem, kisha Bahari ya Chumvi, kudai viongozi warudi mezani na wanawake wawemo. Vivian alikuwepo. Siku tatu baadaye aliuawa katika shambulio la Hamas, nyumbani kwake Be'eri, kijiji cha Israeli karibu na Gaza, na kwa wiki tano watu walidhani ni mateka. Mwanawe, Yonatan Zeigen, hakusema lako. Aliacha kazi ya ustawi wa jamii akaingia kwenye harakati za amani, huku Gaza akina mama wakifukiwa na vifusi pamoja na watoto wao. Hao nao nawalilia, usinigeuzie maneno.

Sikukujibu siku ile kwa kuwa mama yuko edani na nyumba imejaa wageni. Sikuwa nimekubali. Wewe ni mkubwa kwangu, ningekujibuje mbele za watu?

Binti yako akikuuliza habari za vita hii, usimwanzishie na nani kamlipa nani. Mweleze safari ya mgonjwa, karatasi kwa karatasi. Umwambie pia kwamba tangu Oktoba 7 Erez ilifungwa kwa wagonjwa, na wale madereva sasa wanawapokea wa Ukingo wa Magharibi, kwenye vizuizi.