Kura ya meya haiko mu lupango yako

Bwana Mhariri,

Ile barua ya kijana wa Bel-Air mulitia mu gazeti wiki iliyopita nimeisoma mara mbili. Anaomba vijana ba Lubumbashi basimame, bapite lupango kwa lupango, bamutafutie kandida wao kiti ya meya, na anasema baliisha kuanza kuchanga franga ya mapolo na bafle (spika za muziki). Roho yake ni nzuri, sina neno naye. Lakini miye nilishafanya hiyo kazi ya kupita mu malupango, viatu yangu iliisha mu matope ya Katuba, njo maana ninamwambia mapema: anaenda kuzunguka muji muzima kuomba kura ku batu benye habana ile kura.

Meya hapa kwetu hachaguliwe na mutu wa avenyu. Sheria ya uchaguzi inasema hivi: sisi raia tunavota konseye wa komini (mujumbe wa baraza ya komini), bakonseye ba komini banachagua bakonseye ba muji, kisha hao ba muji njo banachagua meya na musaidizi wake, na huyo meya anaweza kutoka katikati yao ao inje. Ngazi tatu. Wewe na karte yako ya kuvota unakanyaga paka ya kwanza. Tena hata hiyo ya kwanza ilichelewa sana, Katiba ni ya 2006 lakini kuvota bakonseye ba komini tuliona tarehe 20 Desemba 2023, siku moja na raisi na badepite, na yenyewe haikufika ku komini zote za inchi. Miaka 17 hapo katikati. Meya sisi tumezoea kusikia jina yake ku redio, ordonanse (amri) ya raisi inasomwa mangaribi, asubui batu banaenda kupiga vigelegele ku meri, ofisi ya meya.

(Babu yangu alipenda kutusimulia kura ya Desemba 1957, wakati muji ulikuwa ungali Elisabethville. Babelgiji baliruhusu banaume bavote bakonseye Leopoldville (Kinshasa ya leo), Jadotville (Likasi ya leo) na hapa, ni hiyo kura njo ilimufikisha Kasa-Vubu, mwenye alikuja kuwa raisi wa kwanza wa Kongo, kuwa burugumestre (mukubwa wa komini) wa Dendale kule Leopoldville. Babu alikuwa anasema foleni haikukuwa hata ndefu. Hiyo siamini sana.)

Sasa niwaambie vile ilikuwa 2023. Jirani yetu mumoja, mwalimu mwenye alishapumzika kazi, bote banamwita Mama Mwalimu juu alifundisha nusu ya avenyu kusoma, alijitia kandida konseye. Franga hakukuwa nayo. Tulikuwa batu saba, kaye (daftari) mbili na biki. Kila jioni tunaingia mu lupango, tunasalimia bakubwa, tunakaa, hatutaje neno ya kura mpaka bamalize kusema yao, na yote tunaandika: huku mufereji imejaa takataka, mvua ikinyesha mayi inaingia mu nyumba, huku bamama ba soko banalipishwa takse mara mbili kwa siku na kikaratasi habapewe, pale poto ya umeme inainama tangu mwaka juzi na batoto banachezea chini yake. Malupango 214 tulipita. Kaye niko nazo mpaka leo.

Nilifikiri batu batatuuliza programu, kumbe bengi bauliza kitu kimoja: "Mumetuletea nini?" Bakandida ba depite balikuwa banaisha kupita mbele yetu na bikwembe, sukari, chumvi, muziki mpaka usiku. Mama mumoja wa kuuza makala akatuambia usoni, "Banangu, kikwembe nitavaa, kura nitaficha." Mama Mwalimu jibu yake ilikuwa moja kila fasi: "Nimekuletea biki, sema niandike." Bengine balicheka, bengine balifunga mulango. Kuko muzee mumoja alitukalisha masaa mawili akitueleza mambo ya Union Minière, ile kampuni ya migodi ya wakati wa Babelgiji, mwisho akasema karte yake ilipotea zamani.

Siku yenyewe mashine ya kuvotia ikaanza kwa kuchelewa, foleni, jua na mvua siku moja. Na ile mashine raisi njo anatokea kwanza, kisha badepite, konseye yuko kule mwisho. Bazee bengi balipogusa picha ya raisi baliona kazi imekwisha. Jirani mumoja akakuja mbio kumupongeza Mama Mwalimu, "Nimekuvotia!" Akamuuliza, "Uligusa namba gani?" "Namba ya nini? Nilikugusa pale pale juu ya kwanza." Tulicheka mpaka machozi, lakini ilikuwa kura imeenda hivyo.

Hata na hiyo yote, ku avenyu yetu alipata kura kupita bote. Na akaanguka. Ni ile seuil (kiwango cha chini): liste ya bakandida ikikosa kufikisha 10% ya kura mu komini nzima haiingie mu kugawa viti, hata uwe na avenyu yako yote mukononi. Chama yenye ilimubeba ilijaza liste na majina ya batu benye hata siku moja habakutoka inje kuomba kura, mumoja alikuwa anaishi Likasi. Wakati wa kutia sinyature hakuna mutu alitueleza neno seuil. Kijana wa Bel-Air, kabla ya kununua bafle, soma liste, uliza kila jina iko inalala wapi.

Kwa meya sasa kampeni inakuwa ya namna ingine kabisa. Batu ba kumuchagua ni bachache, unaweza kubaita bote mu sale moja ya arusi na viti inabaki. Mwenye mufuko hana haja ya kupita Gambela ao Ruashi kusalimia mutu. Mulisahau 2019? Kura ya baseneta, benye banachaguliwa na badepite ba provense, ilijaa malalamiko ya rushwa mpaka raisi akasimamisha kwanza kubakalisha ku viti. Na hao walikuwa badepite, batu ba mushahara, itakuwa je kwa konseye mwenye anaingoja lipa yake ka vile mvua?

Na franga iko. Kode ya madini ya 2018 inagawa redevanse, ile malipo makampuni ya madini inalipa serikali, hivi: 50% inaenda Kinshasa, 25% provense, 15% inabaki ku fasi yenyewe yenye mugodi, 10% ni ya bizazi yenye inakuja. Hapa kwetu Lubumbashi haiko hadisi ya mbali, mugodi tunaupita na basi. Mwenye kukaa ku meza ya komini na ya muji njo anasema ile 15% inajenga mufereji ao inajenga nini.

Njo maana ninaomba gazeti kitu kimoja. Mutuchapie majina ya bakonseye ba komini zetu zote saba, Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe, kila mutu na komini yake. Sisi ba Katuba tutabafata, si na bafle, na kaye. Tutakaa mu lupango yake, tutasalimia, kisha tutamuuliza mbele ya bibi yake na batoto: siku ya kuchagua bakonseye ba muji ikifika, utamupa nani kura yetu? Kijana wa Bel-Air akitaka tufanye pamoja, karibu sana. Mama Mwalimu alishanunua kaye ya tatu, ila safari hii anasema miye njo nilipe biki.

Musomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi